Jina halionekani ndani ya mashini: mashauri kwa wanaojifunza MUMPS hapa Goma

Mmezoea kupata hapa habari za bei ya maharagi soko la Virunga, za barabara ya Sake, za maji yasiyofika kwenye bomba. Leo nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu naandika juu ya lugha ya kompyuta yenye umri wa karibu miaka 60. Kuna vijana wa kartie yetu wanaojifunza lugha hiyo nami kila Jumapili mchana, na maswali yao yanarudi yale yale. Kuna pia akina mama waliokimbia vita ambao wananisimamisha njiani kuniuliza: kwa nini jina langu lilikuwa kwenye liste mwezi uliopita, na leo mashini inasema halipo? Nimeona kwamba maswali ya vijana na ya akina mama ni ya jamaa moja. Ndiyo maana nayajibu pamoja.

Lugha yenyewe inaitwa MUMPS, na wengi wanaiita M tu. Ilizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1966 na 1967, ndani ya hospitali ya Massachusetts General, katika maabara ya daktari Octo Barnett. Waliotengeneza ni Neil Pappalardo, Robert Greenes na Curt Marble. Kompyuta yao ilikuwa PDP-7, yenye kumbukumbu ndogo kuliko simu ya bei rahisi unayonunua leo Birere. Walihitaji watu wengi waitumie kwa wakati mmoja, na faili la mgonjwa lipatikane haraka. Lugha hiyo haikufa. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zimeitumia miaka mingi katika programu yao iitwayo VistA, na programu ya Epic, iliyoenea sana katika hospitali za kule, imesimama juu ya msingi wake. Kwa hiyo Mkongo aliyetoka kwetu kama mkimbizi na kupokelewa Marekani, siku akipeleka mtoto hospitalini, huenda jina lake likaandikwa humo.

Mtoto wa baba mdogo wangu ni mmoja wa hao. Alitoka Rutshuru, akapitia kambi Uganda, na leo anafanya kazi za usiku upande wa kompyuta katika hospitali moja kule. Ndiye aliyeniambia: «Yaya, wazee wanaojua lugha hii wanaenda pensheni, na vijana hawaitaki. Fundisha wadogo wetu.» Akatuma GT.M na YottaDB kwenye flashi, kupitia mtu aliyekuwa anasafiri. Zote mbili ni za bure, zinafanya kazi juu ya Linux, wala haziombi intaneti zikishawekwa. Mashini yetu ni ya zamani, betri yake imekufa, lakini inatosha.

Tulihitaji kitu cha kweli cha kufanyia mazoezi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za pembezoni mwa mji, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilipovunjwa, familia nyingi zilibeba turubai zao na kuondoka. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia nyumba za ndugu na za watu wasiowajua. Orodha za karatasi zilitawanyika kama wao. Vijana wakaamua kuandika familia zilizopokelewa kwenye avenyu zetu chache, ili mtu akitafuta ndugu yake, au msaada ukipita, tusianze kuulizana upya. Ni daftari dogo la jirani kwa jirani, wala si la shirika lolote. Lakini mle ndani jina likipotea, kuna mama anakosa unga. Mashauri yafuatayo yametoka humo.

Kwanza, angalia alama ya kofia

Katika MUMPS, data ni mti. Kuna shina, matawi, na majani. Ukiandika SET FAMILIA(45)="Furaha", umeandika kwenye kumbukumbu ya muda tu, na ukifunga programu yote yameenda. Ukiandika SET ^FAMILIA(45)="Furaha", ile kofia ndogo mbele inasema: weka kwenye diski, ikae. Tofauti ni alama moja. Kijana akija kuniambia «niliandika asubuhi nzima, sasa hamna kitu», swali langu la kwanza ni kama kofia ilikuwapo. Andika ZWRITE ^FAMILIA uone kilicho kwenye diski. Usiamini kilichoonekana kwenye ekrani ulipokuwa unaandika.

Pili, sifuri ya mbele

Hili ndilo linalopoteza watu kuliko yote. Kwa MUMPS, 45 ni namba. Lakini "045" ndani ya alama za kunukuu ni maandishi, na ni tawi lingine kabisa. Mtu mmoja akiingiza jetoni ya mama kama 45, na mwingine siku ya pili akaiingiza kama "045", mashini inahesabu familia mbili. Ya kwanza ina watoto watano, ya pili haina hata mtoto. Ukitafuta kwa namba moja unapata, kwa nyingine hupati, na mama anaambiwa hayupo.

Kuna njia rahisi ya kugundua. Mashini inapanga namba kwanza, kisha maandishi. Kwa hiyo pitia orodha mpaka mwisho: zile zilizojazana mkiani baada ya namba zote, zikianza na sifuri, ndizo za kuchunguza. Chagueni kanuni moja, zote na sifuri au zote bila, na programu iisimamie kabla ya kuhifadhi. Namba za simu nazo ziwekwe daima kama maandishi. Simu zetu zinaanza na sifuri, na ukiiacha mashini ihesabu 081 kama namba, sifuri inaanguka na hakuna atakayepata laini hiyo.

Tatu, jina si ufunguo

Sisi Wakongo tuna jina, postinomu na prenomu. Leo mtu anajitaja kwa prenomu, kesho kwa jina la ukoo. Kati ya ndugu zetu Wanande, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, hivyo kwenye avenyu moja unaweza kuwa na akina Kambale kumi wasio na undugu. Na mashini ya MUMPS haisamehe herufi: KAVIRA, Kavira na Kabira ni watu watatu kwake.

Kwa hiyo mti wetu mkuu unashikwa na namba, na majina yanakaa katika mti wa pili wa kutafutia, ulioandikwa kwa herufi kubwa zote: ^TAFUTA("KAVIRA",45)="". Ukibadilisha jina kwenye mti wa kwanza, lazima ufute lile la zamani kwenye mti wa pili na kuandika jipya, la sivyo mtu anabaki na kivuli. Jina likikosekana kwenye ^TAFUTA, usiseme «hayupo». Nenda kwenye ^FAMILIA, pitia moja moja. Mara nyingi yupo, ila kivuli chake ndicho kilichokosewa.

Nne, hesabu inatoka kushoto kwenda kulia

Shuleni tulifundishwa kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha. MUMPS haijui habari hiyo. Tuseme kila familia inapata kilo 5, na juu yake kilo 2 kwa kila mtu, na watu ni 4. Ukiandika WRITE 5+2*4, sisi tunatarajia 13. Mashini inajibu 28, kwa sababu imejumlisha 5 na 2 kwanza, halafu ikazidisha. Haitoi onyo lolote. Weka mabano: 5+(2*4). Kijana akiniletea jumla ya magunia inayoshangaza, sisomi programu nzima, natafuta kwanza mahali pasipo na mabano.

Nafasi nazo zina maana. Amri isiyo na kitu nyuma yake, kama FOR ya kuzunguka au QUIT yenye sharti, inadai nafasi mbili kabla ya amri inayofuata. Andikeni mstari huu ukutani kama ulivyo:

SET N="" FOR  SET N=$ORDER(^FAMILIA(N)) QUIT:N=""  WRITE N,!

Unaanza na tupu, unaomba tawi linalofuata, na ukirudishiwa tupu unatoka. Ukisahau ile QUIT, mashini inafika mwisho, inarudi mwanzo, inazunguka usiku kucha kama mtu wa chukudu aliyekosa njia Munigi. Ikitokea, bonyeza Ctrl na C, usichomoe waya.

Tano, usifunike kosa

Kosa mtakaloliona zaidi ni UNDEF, maana yake umeuliza kitu ambacho hakijaandikwa. Vijana hugundua haraka kwamba wakiweka $GET mbele, kosa linanyamaza, na mahali pa data panabaki tupu. Kisha wanaiweka kila mahali. Mimi nakataa. $GET ni nzuri pale ambapo kukosa kitu ni jambo la kawaida, kama familia isiyo na simu. Lakini idadi ya watoto ikikosekana, nataka mashini ipige kelele, kwa sababu tupu ikiingia kwenye hesabu inakuwa sifuri, na sifuri ile inakuwa sahani isiyo na chakula. Kosa likitokea, soma $ZSTATUS, inakutajia mstari na jina la kilichokosekana. Halafu tumia $DATA kuuliza kama tawi lipo, na kama lina matawi chini yake.

Sita, KILL haiulizi mara mbili

KILL ^FAMILIA(45) inafuta familia moja pamoja na yote yaliyo chini yake. KILL ^FAMILIA inafuta watu wote. Tofauti ni mabano tu, na mashini haitakuuliza kama una hakika. Kanuni yetu ina hatua tatu. Andika kwanza ZWRITE ^FAMILIA(45,*) kwa kitu kile kile unachotaka kufuta, usome kwa sauti. Kisha MERGE ^AKIBA(45)=^FAMILIA(45), ili nakala ibaki. Ndipo KILL, na mtu wa pili awe amekaa pembeni. Familia ikihama, hatuifuti. Tunaandika tarehe ya kuhama. Watu wa kwetu wanarudi.

Saba, LOCK ni kama bidoni kwenye foleni

Vijana wawili wakifungua familia moja kwa wakati mmoja, wa mwisho kuhifadhi anafuta kazi ya mwenzake. Dawa ni LOCK +^FAMILIA(45):10, yaani jaribu kushika kwa sekunde 10. Baada yake uliza $TEST. Ikiwa 1, umeshika. Ikiwa 0, mwingine anayo, subiri. Lakini elewa vizuri: LOCK haizuii mtu asiyeuliza. Ni kama bidoni unayoacha kwenye foleni ya maji. Inalinda nafasi yako kwa sababu wote wanaiheshimu, si kwa sababu ina nguvu. Programu moja tu isiyotumia LOCK inatosha kuharibu. Na kila kilichoshikwa kwa alama ya kujumlisha lazima kiachiliwe kwa alama ya kutoa, mara zile zile. Mashini ikionekana kuganda, amri ya lke show itakuonyesha nani ameshika nini.

Nane, umeme

Hapa Goma sihitaji kueleza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la data linaweza kubaki nusu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza washeni daftari la matukio, lile mashini inapoandika hali ya awali kabla ya kubadilisha. Umeme ukirudi, msikimbilie kufungua programu. Tumieni mupip journal na recover ya kurudi nyuma, kisha mupip integ kukagua kama mti uko mzima. Programu iliyoganda isimamishwe kwa mupip stop, si kwa kill -9. Nakala ifanywe kwa mupip backup, maana ukinakili faili wakati mtu anaandika, unaweza kubeba mti uliovunjika bila kujua. Nakala zikae kwenye flashi mbili, nyumba mbili zisizo jirani. Mji huu umeshaona lava ikiingia mpaka katikati yake.

Tisa, tarehe

MUMPS inahesabu siku tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1840. Siku hiyo ni sifuri. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 ni siku ya 58821, na ule wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ni siku ya 65886. Toa, unapata siku 7065 kati ya milipuko hiyo miwili, bila kuhangaika na miezi mirefu na mifupi. Ukiona data mpya yenye 47117, ujue saa ya mashini imerudi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1970, kwa sababu betri ndogo ya ndani imeisha. Rekebisha saa kabla ya kuandika mtu yeyote.

Kwa nini 1840? James Poitras, mmoja wa waliofanya kazi hiyo ya mwanzo, alieleza kwamba alikumbuka kusoma juu ya mzee wa Marekani mwenye miaka 121, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yao. Akataka hata mzee huyo, akiingia hospitalini, awe na siku ya kuzaliwa ambayo mashini inaweza kuiandika. Napenda kuwaambia vijana habari hii. Walichagua kalenda kwa kumfikiria mtu wa mbali kabisa, ili asiambiwe kwamba hawezi kuandikwa.

Sisi tuna wazee wanaosema «nilizaliwa wakati wa njaa», na watoto waliozaliwa njiani. Desturi ya wengi ni kuwaandikia wote tarehe 1 mwezi wa 1. Halafu ukitafuta kwa jina na tarehe, unapata Kambale wanne waliozaliwa siku moja. Sisi tunaandika mwaka peke yake, na tawi la pembeni linalosema kama ni hakika au ni kukadiria. Usilazimishe mtu aseme uongo ili kujaza nafasi.

Kwa familia zilizokimbia

Akina mama na akina baba, mashirika na hospitali zinatumia programu zao nyingine, na sijui kila moja imeandikwaje. Lakini makosa ya majina na sifuri yanafanana kila mahali. Kwa hiyo fanyeni hivi.

Taja majina yako kwa mpangilio ule ule kila mara, kama yalivyo kwenye kadi ya kura au jetoni. Namba ya jetoni isome pamoja na sifuri zake. Ukiambiwa haupo, omba kwa upole watafute pia bila sifuri, kwa jina la mume au la mke, kwa namba ya simu, na kwa herufi nyingine, b badala ya v, r badala ya l. Toa mwaka ule ule wa kuzaliwa uliotoa mwanzo, hata kama ni wa kukadiria. Usikubali kuandikwa upya haraka kabla hawajatafuta, kwa sababu ukiandikwa mara mbili, siku ya ukaguzi utaonekana kama mwizi wakati wewe ni mtu mmoja mwenye njaa moja.

Na vijana, neno la mwisho ni zito kuliko amri zote. Orodha ya watu waliokimbia ni kitu cha hatari mkononi mwa mtu mbaya. Hatuandiki kabila. Hatuandiki mwana wa nani yuko upande gani. Flashi zimefungwa kwa neno la siri, na hatutumi orodha kwa WhatsApp hata mkubwa akiomba. Mtu akija kumtafuta ndugu yake, hatumwonyeshi ukurasa. Tunachukua jina lake, tunaenda kumuuliza yule anayetafutwa kama anataka kupatikana. Wengine wanakubali huku wanalia kwa furaha. Wengine wanakataa, nasi tunanyamaza.

Jumapili ijayo tunaendelea na $PIECE, namna ya kukata mstari mmoja wenye vitu vingi. Anayetaka kujifunza aje na daftari na kalamu, flashi akiwa nayo. Mwenye jenereta jirani na atuvumilie, tutachangia mafuta.